“Hapa Nalala Tu”: Makabila Mengi, Uraia Mmoja



Somo letu la leo linatoka Matendo ya Mitume, sura ya 6, aya ya 1 hadi ya 7. Kabla hujaendelea fungua Biblia yako, hata ile ya kwenye simu, ulisome taratibu. Ni aya saba tu, na wengi tumezizoea kwa sababu husomwa sana tunapozungumzia mashemasi. Leo tuziangalie kwa upande mwingine: kama habari ya mtaa uliochanganyika watu.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na watu wa aina mbili. Walikuwepo Waebrania, ndio wenyeji, na walikuwepo Wayahudi wa Kiyunani, watu ambao ukoo wao uliishi ughaibuni na lugha yao ilikuwa Kigiriki. Imani moja, ubatizo mmoja, mfuko mmoja. Lakini ulipofika mgao wa chakula wa kila siku, wajane wa hawa wa Kiyunani walikuwa wanarukwa. Manung’uniko yakaanza. Na tusidanganyane, yalikuwa na harufu ya kabila. Hakulalamika mtu mmoja aliyekosa mkate. Kundi zima lilikuwa linasema “sisi” na “wao”.

Sasa hebu fikiri mitume wangeweza kufanya nini. Wangeweza kusema: jamani, sisi sote ni wamoja katika Kristo, acheni ukabila, kikao kikafungwa kwa sala na kila mtu akaenda zake na njaa yake. Au wangeweza kuwagawa: Waebrania mfuko wao, Wayunani mfuko wao. Hawakufanya hata moja. Waliita mkutano wa waamini wote, wakawaambia wachague wenyewe watu saba wa kusimamia kazi ile. Yaangalie majina yaliyotoka: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kigiriki. Jina peke yake si ushahidi kamili, maana hata Filipo mtume alikuwa nalo la Kigiriki, ila saba kwa saba si jambo la kupita hivi hivi. Na Nikolao wa Antiokia hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa. Alikuwa mwongofu, mkuja kabisa. Kwa kifupi, upande uliolalamika kurukwa ndio uliokabidhiwa upawa.

Shikilia picha hiyo ya upawa, maana ndiyo ninayotaka kuipeleka Mapinga.

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, ukapita Tegeta, Boko na Bunju, unaingia mkoa wa Pwani na haupiti muda uko Mapinga. Asili ya ukanda huu ni Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua, na wengi wao ni Waislamu. Lakini siku hizi ukisimama kituoni asubuhi utasikia lafudhi za nchi nzima: Mchaga, Mhaya, Msukuma, Mnyakyusa, Mmakonde, Mhehe. Watu wamenunua viwanja, wamejenga, wamezungusha ukuta, na alfajiri wanawahi Dar kazini. Sisi Wakatoliki wa huku, tuseme ukweli, wengi tumo kwenye kundi hilo la waliokuja.

Katika semina moja ya vijana niliuliza swali jepesi: mwenyekiti wa kitongoji chako anaitwa nani? Kimya. Halafu kijana mmoja akajibu kwa kujiamini, watu wakacheka: “Frateri, mimi kwetu Moshi. Hapa nalala tu.”

Lile jibu limenikaa kichwani kwa sababu lina falsafa nzima ndani yake. Anasema kuna mahali anapotoka na kuna mahali anapolaza mwili, na kwamba haki na wajibu viko kule anapotoka. Sasa upande wa pili nao wana jibu lao linalofanana na hilo kama pacha. Utamsikia mzee wa hapa akisema, wakuja hawa wasitupangie mambo, hii ni ardhi ya babu zetu. Wote wawili wameliacha swali moja lijibu jingine. “Wewe ni wa wapi?” ni swali zuri, hata Yesu alijulikana kwa Nazareti yake. “Una sauti gani hapa?” ni swali lingine kabisa. Balaa linaanza pale jibu la kwanza linapogeuzwa kuwa jibu la pili.

Mniruhusu kidogo nirudi darasani, maana miaka yangu ya falsafa isipotumika hapa sijui itatumika wapi. Aristotle anafundisha kwamba raia si yule anayeishi tu ndani ya mji, kwa kuwa hata mgeni na mtumwa wanaishi humo. Raia ni yule anayeshiriki kuamua na kuhukumu. Na inachekesha, maana Aristotle mwenyewe alikuwa mkuja pale Athens. Kwao kulikuwa Stagira. Mtu aliyetuachia maelezo makini hivyo ya uraia aliishi kwenye ule mji bila kuwa raia wake.

Neno letu wenyewe nalo lina historia. “Raia” tumelitoa kwenye Kiarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa, watu walio chini ya mtawala kama kondoo walio chini ya mchungaji. Kwa miaka mingi hapa pwani raia alikuwa huyo: anayetawaliwa. Cheo cha heshima kilikuwa kingine, uungwana. Mwungwana alikuwa mtu huru, mtu wa mji, mwenye adabu za mji. Wa bara aliitwa mshenzi, na neno hilo halikuwa la utani. Wanyamwezi walioshuka na misafara ya pembe mpaka Bagamoyo walilisikia sana. Kwa hiyo hili suala la nani ni mtu wa hapa na nani si mtu wa hapa halikuanza na viwanja vya Mapinga. Liko kwenye mchanga huu tangu zamani.

Wazee wetu hawakukosa dawa, ingawa haikuwa kamili. Angalia utani. Mpaka leo Mzaramo na Mnyamwezi au Msukuma ni watani, na utani huo umetokana na mahusiano ya zama za misafara. Mtani anakutania kabila lako usoni, msibani anakuvurugia kilio mpaka ucheke, lakini huyo huyo ana wajibu wake kwenye mazishi yako. Tofauti haikufichwa, ilipewa kazi. Ila utani haukumpa mtu sehemu katika maamuzi ya mji. Mnyamwezi angeweza kuzikwa vizuri Bagamoyo bila kuulizwa neno lolote alipokuwa hai.

Na sisi Kanisa? Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Tunakwenda hija pale, tunapiga picha kwenye ule mnara ambako mwili wa David Livingstone ulipitishwa mwaka 1874, na tunafanya vizuri. Kile kijiji kilichanganya watu wa makabila mengi ya bara ambao biashara ya utumwa iliwakusanya kwa nguvu. Wakapewa uhuru, kazi, ndoa, shamba, sala. Hilo ni jambo kubwa mno, na mimi ni tunda lake. Lakini mapadre ndio waliopanga karibu kila kitu, kuanzia ratiba ya siku, na wapo waliotoroka. Kwa maoni yangu tunajifunza hapo kitu ambacho si rahisi kukisema kwenye hija: unaweza kumtoa mtu minyororo, ukamchanganya na makabila kumi kwa upendo, na bado usimpe upawa.

Tuje kwenye nchi yetu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge, tena wa TANU, walitaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika tu. Wahindi, Waarabu na Wazungu wangoje kwanza. Ukiwasikiliza bila hasira utaelewa maumivu yao, maana walikuwa wametoka kudharauliwa miaka mingi kwa rangi yao. Mwalimu Nyerere alikataa kwa ukali usio wa kawaida. Aliwafananisha waliotaka kipimo cha rangi na akina Hitler, na akaweka serikali yake rehani: muswada ukikwama, serikali itajiuzulu. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba uraia ni uaminifu kwa nchi, hauhusiani na ngozi, na kwamba ukianza kuchambua watu kwa rangi hutaishia hapo, utaendelea kuchambua mpaka kwenye makabila. Muswada ukapita. Ndiyo maana Amir Jamal, mtoto wa ukoo wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, aliweza kuwa mbunge wa Morogoro na waziri wa fedha wa nchi hii, na hatukuona ajabu.

Hilo lilikuwa jibu la swali la nani ni raia. Lakini kuna namna mbili za kukaa na tofauti baada ya hapo, na sisi na majirani zetu Kenya tumechukua kila mmoja njia yake.

Kenya huuliza kabila waziwazi na sensa yao inahesabu makabila. Kule Kwale kulikuwa na Wamakonde ambao wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakazeeka, wakazika. Lakini kwa kuwa hawakutambuliwa, vizazi viliishi bila kitambulisho. Na bila kitambulisho hupati ajira rasmi, hufungui akaunti benki, hupigi kura. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa maandamano mpaka Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Aliagiza waandikishwe, mapema 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, na wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Nilifurahi sana niliposoma habari zao. Halafu nikajiuliza: ina maana mlango wa uraia ulikuwa kwanza utambulike kama kabila? Na yule ambaye kabila lake halimo kwenye orodha, au mama yake ni huyu na baba yake ni yule, apite mlango gani?

Sisi tumeenda njia ya kinyume. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila na dini. Katiba yetu inakataza ubaguzi kwa kabila, rangi, dini au mahali mtu anapotoka, na chama cha siasa hakisajiliwi kikiwa cha kabila au dini fulani. Mimi naunga mkono. Amani tuliyokulia ndani yake haikuanguka kutoka mawinguni. Lakini ukimya nao una gharama. Tumezoea kuona kuwa kutaja tofauti ni sawa na kuleta ukabila, basi tunazinong’onezea. Barazani watu wa bara wananong’ona kwamba Wapwani ni wavivu na wachawi. Wenyeji wananong’ona kwamba watu wa bara ni walafi wa ardhi. Ukiingia kikaoni hakuna anayesema kitu, wote ni “ndugu wananchi”. Mitume wangefanya hivyo, wale wajane wangekufa njaa katika umoja.

Na makabila yetu tumeyaacha yaonekane wapi? Kwenye ngoma. Siku ya mavuno parokiani kila kanda inaingia na vazi lake na chakula chake, senene na ndizi na mtori, tunapiga vigelegele. Napenda sana siku ile, nisieleweke vibaya. Ila kucheza sindimba hadharani hakujawahi kumpa mtu yeyote nafasi kwenye uamuzi wa mahali kisima kitachimbwa.

Kisima kinaamuliwa wapi basi? Hapa ndipo sheria yetu, kwa kweli, inanipa moyo kuliko hotuba nyingi. Kwenye kijiji, chombo cha juu ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, na wajumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Rudia kusoma: mkazi. Haijaandikwa mzaliwa, haijaandikwa mwenye kaburi la babu hapa, haijaandikwa mwenye nyumba ya vigae. Mama anayepanga chumba kimoja ana sauti sawa na mwenye ghorofa. Mkutano huo unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na unapokea taarifa ya mapato na matumizi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haitakiwi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano huo. Penye mtaa badala ya kijiji upo mkutano wa wakazi wa mtaa. Yaani hofu kubwa ya mwenyeji, ardhi, na hofu kubwa ya mkuja, kuambiwa hapa si kwenu, zote mbili zina mahali pa kusemwa kwa sauti mbele ya wahusika. Mara nyingi migogoro ya viwanja tunayoisikia huanzia pale watu wachache wanapomalizana chini ya mwembe, na wengine wote walikuwa “wanalala tu”.

Ndugu yangu wa Moshi hapo angeniambia: Frateri, mikutano yenyewe haiitishwi, na kura zenyewe unazijua. Nazijua. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa na viongozi wengi walipita bila kupingwa. Si jambo la kulifumbia macho, na linahitaji somo lake lenyewe. Lakini mkutano usipoitishwa, anayeweza kuuliza kwa nini haujaitishwa ni mkazi anayejulikana kwamba ni mkazi. Ukiwa mtu wa ukuta na geti, ukasimama siku moja kuuliza mapato na matumizi, watakuuliza wewe ni nani, na kwa haki kabisa. Na hata uchaguzi wenyewe: wengi wetu tulikuwa na kadi ya mpiga kura tukadhani inatosha, kumbe orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa ni tofauti na Daftari la Kudumu na unaandikishwa upya hapo unapoishi. Kukosa kujua jambo dogo kama hilo kumewafungia nje vijana wengi kuliko hila ya mtu yeyote.

Kanisa halituruhusu kuliona hili kama mambo ya siasa yasiyotuhusu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes, unawahimiza raia wote wakumbuke haki na wajibu wa kupiga kura kwa ajili ya manufaa ya wote. Baba Mtakatifu Fransisko katika Fratelli Tutti ya mwaka 2020 alikwenda mbele zaidi, akirejea hati aliyoitia saini Abu Dhabi mwaka 2019 pamoja na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad Al-Tayyeb: alitaka tujenge uraia kamili, na tuache kutumia neno “wachache” kwa namna ya kumfanya mtu ajione mpangaji katika nchi yake. Kwa nchi nzima Waislamu na Wakristo tunaweza kubishana nani ni wengi. Hapa pwani sisi Wakatoliki ndio wachache. Kwa hiyo tunalielewa neno hilo kwa pande zote mbili, na nadhani Mungu ametuweka hapa kwa faida hiyo.

Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliopelekwa Babeli, watu waliokuwa na kila sababu ya kusema hapa tunalala tu. Sura ya 29. Akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wautakie mema mji ule na kuuombea, kwa sababu heri ya mji ndiyo itakayokuwa heri yao. Hakuwaambia wasahau Yerusalemu. Wala wewe hakuna anayekuambia usahau Kilimanjaro, Kagera au Mbinga. Krismasi nenda, kunywa mbege na shangazi, ongea Kichaga mpaka ulimi uchoke. Ila siku mia tatu na zaidi za mwaka maji unayokunywa ni ya Mapinga, na mzee wa Kizaramo wa nyumba ya pili ndiye atakayefika wa kwanza moto ukiwaka kwako.

Kwa jumuiya na vikundi vya VIWAWA mtakaojadili somo hili, msilimalize kwa “tupendane”. Ulizaneni kwanza mkutano wa mwisho wa kijiji au mtaa wenu ulifanyika lini na nani kati yenu alihudhuria. Kama hakuna anayejua, mtumeni mmoja Jumatatu akaulize kwa mtendaji, tangazo huwa linabandikwa ofisini. Kisha semeni wazi, kwa heshima, mnachowadhania wenyeji na mnachosikia wenyeji wanawadhania ninyi, na kama mna rafiki Mwislamu wa hapa mwalikeni aseme mwenyewe badala ya kumsemea. Halafu geukeni ndani. Kwenye kigango chenu kuna Wakatoliki wa kabila dogo, kuna wafanyakazi wa ndani, kuna vijana wa bodaboda waliofika juzi. Michango wanatoa. Kamati tendaji ya vijana ina watu wangapi kati yao?

Frateri wenu, Mapinga